Bweranka Huingiwa kwa Kuinama

"Bweranka huingiwa kwa kuinama." Ndivyo shangazi yenu Kokubanza alivyomwambia juzi baba yenu, aliyekuwa amesimama nje ya jiko langu kama mgeni, kuingia hataki, kuondoka hataki. Mkamwona baba yenu anacheka, anaingia, anapokea sahani. Ugomvi wa miezi mitano ukaishia kwenye ndizi na maharage. Kisha mkanigeukia mimi: Bibi, Bweranka ni wapi? Kuna basi linalofika huko?

Basi halifiki. Siku hizi tukisema "tumekaa Bweranka", maana yake tumekaa raha mustarehe, hakuna anayemwogopa mwenzake, chakula kipo na mazungumzo yapo. Bibi harusi akiulizwa kwa mumewe kukoje, akajibu "Bweranka", basi mama yake analala usingizi. Lakini zamani lilikuwa jina la mahali, kilima chenye ikulu ya Mukama, yaani mfalme wetu, na hapo mwanzo halikuwa jina la raha hata kidogo. Methali hii ilizaliwa mlangoni pa nyumba, na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi.

Mukama Lwijuko alikalishwa kwenye kiti cha baba yake akiwa mtoto wa miaka tisa. Siku ileile wafua chuma walimtengenezea mkuki. Haukuwa wa kupigania. Mpini wake ulikuwa na urefu wa Mukama mwenyewe, kutoka unyayo hadi utosini, ukaongezwa shubiri moja ya heshima. Ndio uliokuwa kipimo chake. Kwa desturi ya nchi ile, mkuki ukishatengenezwa Mukama hapimwi tena. Anayepimwa kwa kamba ni maiti, ili wachimbaji wajue kaburi liwe refu kiasi gani. Kumpima Mukama aliye hai ilikuwa sawa na kumchimbia kaburi, na aliyefanya hivyo hakuonekana tena. Kwa hiyo kiti cha Mukama, kitanda cha Mukama, nguo yake ya gome la mti, mlango wa nyumba yake, vyote vilipimwa kwa mkuki.

Wafalme waliomtangulia hawakupata shida na desturi hiyo, maana walikalishwa wakiwa na ndevu zao. Lwijuko alikuwa wa kwanza kukalishwa akiwa na meno ya utoto.

Na mtoto, mnajua wenyewe, hakai alivyo. Lwijuko alikua kama mgomba uliopandwa penye samadi. Kufikia miaka kumi na tisa hapakuwa na mwanamume aliyemfikia hata masikio. Lakini nani angesema? Kusema "Mukama amekua" ni kumpima kwa ulimi. Basi wakanyamaza. Alikaa kwenye kiti chake magoti yakiwa karibu na mashavu, nao wakatazama pembeni. Nguo yake ilifika magotini kama ya mchunga mbuzi, na wakuu wa ikulu wakaenda makwao kimyakimya wakakata za kwao, ili asionekane peke yake. Ukifika ikulu siku hizo ungekuta wazee wenye mvi wote wako magoti nje.

Kitanda ndicho kilichokuwa kibaya zaidi. Kilikuwa kitanda cha mtoto. Lwijuko alilala amejikunja kama mbegu ya maharage, na asubuhi aliamka na shingo iliyokakamaa na mgongo unaowaka. Alikula peke yake nyuma ya pazia, hakuwahi kulala nyumba ya mwenzake wala kumwona mtu mwingine kitandani, akaamini kwamba maumivu yale ndiyo ufalme wenyewe. Mtu aliyeamka hivyo hana maneno mazuri. Asubuhi ya Mukama ikiwa mbaya, nchi nzima haina asubuhi. Wapishi walikuwa wakinong'ona, walinzi wakitembea kwa ncha za vidole, na akina mama wakiwatisha watoto wao: nyamaza, utapelekwa ikulu.

Basi nyumba ya zamani, iliyopimwa kwa mkuki wa baba yake, ikaoza nyasi, ikaamriwa ijengwe mpya juu ya kilima cha Bweranka. Kazi akapewa fundi Rwegoshora.

Nyinyi mmezaliwa kwenye bati, ngoja niwaeleze. Nyumba yetu ya zamani, msonge, haina ukuta mbali na paa mbali. Ni nyasi kutoka kileleni mpaka chini, zimefungwa juu ya mapete ya matete, pete juu ya pete, kubwa chini na ndogo juu. Mlango ni upinde wa matete uliosukwa pamoja na pete zile, na kila fito ya mbele imeshika hapo. Ukishamaliza huwezi kuuongeza urefu. Ukikata upinde, upande wote wa mbele unakulalia.

Rwegoshora aliletewa mkuki umefungwa kwenye ngozi ya chui. Akapima, akasuka. Mkewe Kokuhirwa ndiye aliyekuwa akimletea matete, mwanamke mwembamba, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Siku upinde uliposimamishwa akatua mzigo wake, akautazama, akapita ndani yake, akarudi.

"Baba Kemilembe," akasema, "huu mlango wa nani?"

"Wa Mukama."

"Mukama yupi? Yule niliyemwona akipita njia ya ziwani, au mtoto wake?"

"Mukama hana mtoto."

"Ndiyo maana nauliza."

Rwegoshora akatazama nyuma kama kuna mtu. "Wewe mama, nimepewa mkuki, nimepima mkuki. Mimi si mtu wa kupima watu."

"Haya. Mkuki utalala humo vizuri."

Alijua, yule fundi. Mikono yake ilijua tangu fundo la kwanza. Lakini kila mtu nchini alikuwa akijua na kunyamaza, naye akaona yeye ni nani hata awe wa kwanza kusema. Akaendelea kusuka. Alisuka vizuri kupita siku zote, upinde ule ungeutazama ukaona haya kuugusa, kama vile uzuri ungefidia urefu.

Siku ya kuingia nyumba ikafika. Desturi ilikuwa hivi. Kwanza shangazi wa Mukama, Nyangoma, anaingia na moto kutoka nyumba ya zamani. Kisha Mukama anafuata kabla jua halijasimama utosini, naye anaingia wima. Mukama hainami. Waliambiwa tangu zamani kwamba Mukama akiinama, migomba ya nchi yote inainama naye na kuanguka, na watu wanakufa njaa. Na kama nyumba ikimkataa Mukama, akashindwa kuingia, fundi wake anapelekwa ziwani kwenye kile kisiwa cha mawe kisicho na mgomba hata mmoja. Mtumbwi unampeleka na kurudi mtupu. Kibanja chake kinachukuliwa, na mkewe na watoto wanafukuzwa kwenye migomba ambayo babu zao wamezikwa chini yake. Rwegoshora alikuwa na mke huyo mmoja, na binti mmoja, Kemilembe, aliyekuwa ndio kwanza ameota meno ya mbele.

Nyangoma akaingia na moto. Moshi ukatoka kileleni, watu wakapiga vigelegele. Ngoma zikalia, Mukama akapanda kilima, akafika mlangoni.

Upinde ulimfika kifuani.

Akasimama. Wapiga ngoma wakaona amesimama, mmoja mmoja wakaacha, wa mwisho akabaki anapiga peke yake mpaka mwenzake akamshika mkono.

Katikiro, yaani waziri mkuu, alikuwa mzee Bishanga. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa sheria. Akatoka mbele. "Nyumba imemkataa Mukama. Fundi yuko wapi?"

Rwegoshora akaja, akapiga magoti.

"Ulipima kwa kitu gani?"

"Kwa mkuki, waitu." Waitu ndiyo heshima yetu, ni kama kusema bwana wetu.

Mkuki ukaletwa, ukasimamishwa mlangoni. Ukaenea barabara, haukupungua wala kuzidi hata upana wa kidole. Na hapohapo, kando ya mkuki, amesimama Mukama. Watu wote wakaona walichokuwa wakikiona kwa miaka kumi, na watu wote wakatazama vidole vyao vya miguu.

"Basi mkuki haukukosea," akasema Bishanga. "Na Mukama hakosei. Amekosea nani?"

Jibu lilikuwa mdomoni mwa Rwegoshora. Lilikuwa jibu dogo tu: amekua. Lakini kulisema kulikuwa kosa baya kuliko lile la mlango. Akalimeza.

"Nimekosea mimi, waitu."

"Mfungeni. Wenye mtumbwi waitwe."

Wakamfunga mikono kwa kamba zake mwenyewe za kujengea. Hapo kundi la wanawake wabeba nyasi likatikisika, akatoka Kokuhirwa. Mtoto alimwachia jirani. Akaja kwa magoti mpaka mbele ya Mukama, akasema bila kuinua uso:

"Waitu, mimi ni mbeba nyasi, kupima sijui. Naomba kuuliza jambo moja la nyumbani."

Bishanga akafungua mdomo, lakini Mukama akamwahi. "Uliza."

"Umelalaje, waitu?"

Watu wakashangaa. Sisi hatuanzi asubuhi bila kuulizana hivyo, hata adui unamuuliza. Lakini Mukama hasalimiwi kwa swali. Hakuna aliyewahi kumuuliza tangu mama yake afariki.

Lwijuko akakunja uso kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali zamani. "Vibaya," akasema.

"Pole, waitu. Na miguu yako, ililala wapi?"

"Mwanamke!" Bishanga akapiga fimbo chini. "Unampima Mukama kwa ulimi!"

"Sijampima, mheshimiwa. Nimeuliza habari za miguu. Aliyelala na miguu yake anajua mwenyewe."

"Mwache," akasema Mukama. Kisha akasema polepole, "Ililala nje."

"Nje ya wapi, waitu?"

"Nje ya kitanda. Kuanzia hapa." Akagusa muundi wake. "Nikiinyoosha inaning'inia na kupigwa baridi. Nikiikunja mgongo unauma. Nilidhani ndivyo wafalme wanavyolala."

Kutoka ndani ya msonge kikatokeza kichwa cha Nyangoma, macho mekundu kwa moshi. "Mwanangu maskini! Miaka yote nakukanda samli mgongoni, na najua ni kitanda!"

"Ulijua, shangazi?"

"Nilijua, baba."

"Na hukusema?"

"Ningesemaje? Nani alisema?"

Mukama akawageukia wakuu wake. Walikuwa wamejipanga na nguo zao fupi, magoti yao yote yanaonekana, mengine yana makovu ya utotoni. "Bishanga. Wewe ulijua?"

Mzee alitamani ardhi ipasuke. Akashika upindo wa nguo yake. "Waitu," akasema, "hii niliikata mwenyewe."

Huko nyuma mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Mukama hakucheka.

"Kwa hiyo nchi nzima inajua urefu wangu isipokuwa mimi. Na mtu wa kwanza kuniuliza nimelalaje ni huyu, ambaye mumewe tumemfunga." Akatazama juu. Jua lilibakiza kidogo tu kufika utosini. "Wakati wa kuingia ukipita?"

"Sheria ni moja, waitu," akasema Bishanga, na safari hii sauti yake haikuwa na nguvu. "Nyumba itakuwa imekukataa. Fundi ataondoka."

"Na nikiingia?"

"Ukiingia haikukukataa. Lakini utaingiaje? Mukama hainami. Migomba, waitu!"

Lwijuko akautazama upinde, jinsi ulivyosukwa. Akamtazama Rwegoshora, aliyekuwa amefumba macho. Akaweka mkono mmoja juu ya goti. Akainama.

Wanawake wakafunika nyuso. Wanaume wakageuka kutazama migomba iliyojaa bondeni, kila mmoja akitazama upande wa kibanja chake. Mukama akapita chini ya upinde, mgongo wake ukakwaruza matete, akapotea ndani. Wakangoja. Upepo ukapita kwenye majani, wote wakashika pumzi. Majani yakatikisika, yakatulia. Hakuna mgomba ulioanguka.

Kisha kutoka ndani wakasikia sauti.

"Jamani! Humu nasimama!"

Ni kweli. Msonge mlango wake ni mfupi, lakini ndani unapanda kama mlima, ungesimamisha watu watatu mmoja juu ya mwenzake. Lwijuko alikuwa katikati ya nyumba, amenyoosha mgongo, amenyoosha mikono yote miwili juu, na hagusi kitu.

"Mfungueni fundi! Aingie, na mkewe aingie. Bishanga, njoo nawe. Uiname vizuri."

Bishanga hakuinama vizuri. Maisha yake yote alikuwa ameingia milango ya wafalme kichwa juu. Akajigonga paji la uso, watu wakasikia ko! Ndipo kilima kizima kikacheka, kicheko cha watu waliokibana kwa miaka kumi, na ndani Mukama naye akasikika anacheka. Kamba zilikuwa zimeshaondoka mikononi mwa Rwegoshora. Hata hivyo aliingia akitambaa.

"Inuka, baba Kemilembe," mkewe akamwambia, naye mwenyewe machozi yanamtiririka hadi kidevuni. "Ulifungwa mikono, si miguu."

Bishanga, na nundu yake inayovimba, akataka kujua mlango utafanywaje. Mukama akasema uachwe. Kila anayeingia atainama, yeye mwenyewe akiwemo, na akishasimama ndani ataruhusiwa kusema anachokijua. "Ila kitanda," akasema, "kitanda nataka kipya leo hii. Fundi, utakitengeneza?"

"Nitakitengeneza, waitu. Lakini nipime kwa kitu gani?"

"Kwa mwili wangu. Lete kamba."

Hakuna aliyesogea. Basi Mukama akalala chali juu ya nyasi mpya, miguu pamoja, kama maiti hasa, na Rwegoshora akanyoosha kamba kutoka kisigino mpaka utosini. Nyangoma aligeuza uso. Fundi akafunga fundo. Lwijuko akainuka, akajipukuta nyasi.

"Mnaona? Nimepimwa, na nimeamka."

Kitanda kikaisha kabla ya jua kuzama. Kesho yake jua likapanda, Mukama hajatoka. Likafika katikati, hajatoka. Ikulu ikaanza kulia chinichini, wakijua kamba imefanya kazi yake, na Rwegoshora akakaa amejishika kichwa. Nyangoma akaingia kutazama. Akatoka amejishika mbavu.

"Anakoroma," akasema. "Amejinyoosha kama mkungu wa ndizi, anakoroma."

Tangu hapo Mukama akawa na asubuhi nzuri, na nchi nayo ikawa na asubuhi. Wazee wakashona nguo ndefu. Wapishi wakarudia kuimba. Pazia la chakula likaondolewa, watu wakala na Mukama wao kwenye jani moja la mgomba, na mwenye malalamiko aliyasema mdomo ukiwa na ndizi. Hawakuwa matajiri kuliko jirani zao. Lakini waliosafiri huko waliporudi makwao walishindwa kueleza walichokiona, wakawa wanasema tu "Bweranka", na aliyesikia alielewa. Ndivyo jina la kilima lilivyogeuka kuwa jina la raha.

Na maneno yenyewe ya methali yalisemwa na nani? Na Bishanga. Uzeeni alipenda kukaa pale mlangoni akipokea wageni. Siku moja akaja mkuu wa nchi ya ng'ambo, amevaa kilemba cha manyoya marefu ya korongo, na mlango ulipomfika kidevuni akagoma. Alisema kwao yeye hainamii mtu. Bishanga akamwambia hapa hamna mtu wa kuinamiwa, ni mlango tu. Yule mkuu akasema atangoja uongezwe. Akaletewa kigoda, akakaa nje. Harufu ya ndizi ikamfikia, akavumilia. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikamiminwa ndani akisikia, akavumilia. Kisha ndani kikapasuka kicheko, wakacheka na kucheka, na mtu hawezi kuvumilia kicheko asichojua kimetokana na nini.

"Wanacheka nini?" akauliza.

"Sijui, niko nje nawe."

"Na Mukama wenu, yeye anaingia vipi?"

"Kama mimi, kama mbeba nyasi." Mzee akamwonyesha kovu kwenye paji la uso. "Mimi nilikuwa wa kwanza kujaribu njia nyingine. Vua manyoya, bwana mkubwa. Bweranka huingiwa kwa kuinama."